Skima za kichwani: somo kutoka Kisii, Septemba 1914

Kwa muda wa miezi minne hivi mwenzangu mmoja kazini aliamini kwamba mimi na babangu hatuwezi kulala bila kuongea. Kila jioni kabla sijafunga kompyuta nilipiga simu nyumbani Nyamira, na kila mara alinisikia nikianza, "Baba..." Ekegusii hakijui, lakini neno hilo moja alilielewa. Mara kwa mara aliniuliza, "Mzee anaendeleaje?" Nami nikamjibu kwamba mzee hajambo, kwa sababu mzee ninaye na kweli alikuwa hajambo.

Siku moja mama akaja Nairobi, akapitia ofisini na mkungu wa ndizi. Nikainuka nikampokea: "Baba, karibu." Mwenzangu akanikodolea macho kama kompyuta iliyoganda.

Ndugu msomaji, kwa Ekegusii *baba* ni mama. Baba tunamwita *tata*.

Tulicheka sana siku ile, lakini baadaye nilikaa nikafikiri. Masikio ya mwenzangu hayakuwa na kasoro. Sauti ilimfikia sawasawa. Kasoro ilikuwa kwenye rafu alikoiweka ile sauti. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba kwa miezi minne hakuna kilichomwambia kuwa amekosea. Maswali yake yalipata majibu, na kila jibu likazidi kumthibitishia alichokwisha kuamini.

Leo nataka tuzungumze juu ya hizo rafu. Nitaanzia kwenye kompyuta kwa kuwa ndiko ninakopata ugali wangu, kisha tupande milimani Kisii, mwaka wa 1914.

Skima ni nini?

Anayetengeneza hifadhidata huanza na skima. Skima ni ramani ya majedwali: hapa jina, hapa namba ya simu, hapa tarehe. Tangu Edgar Codd wa IBM alipoeleza mwaka 1970 namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, sehemu kubwa ya kazi yetu imekuwa ni kuamua mapema ni safu zipi ziwepo na kila safu ipokee kitu cha aina gani. Data inapofika baadaye, inaikuta nyumba imeshajengwa.

Isipoingia, kuna njia tatu. Unaweza kuikataa. Unaweza kuilazimisha, yaani kuikatakata mpaka itoshee. Au unaweza kuibadilisha skima yenyewe, kazi ambayo kila mwandishi wa programu anaiogopa, maana ukigusa jedwali moja, mengine kumi yanalalamika.

Niliwahi kuandika programu ya simu ya kuandikisha wakulima wa chai. Niliweka safu ya tarehe ya kuzaliwa, nikaamuru isiachwe wazi. Karani akaenda mashambani. Akamkuta mama mzee, akamuuliza alizaliwa lini, naye akajibu kwamba alizaliwa mwaka ule mche wa kwanza wa chai ulipopandwa kijijini kwao. Hilo ni jibu kamili. Mtu mwenye historia ya kile kijiji anaweza kulikokotoa. Lakini programu yangu ilitaka siku, mwezi na mwaka, na karani alikuwa na watu wengine arobaini wa kuandika kabla jua halijatua. Akakisia mwaka, kisha akabonyeza 1 Januari.

Ripoti ilipotoka, wakulima wengi ajabu walikuwa wamezaliwa Mwaka Mpya. Nikaambiwa programu ina hitilafu. Haikuwa na hitilafu hata moja! Ilifanya kile nilichoiamuru: ilitupa habari ya kweli kwa kuwa haikuwa na pa kuiweka, ikahifadhi ya uongo kwa kuwa ilitosha vizuri kwenye kisanduku.

Bartlett na mkono wa askari

Neno hilohilo, skima, lilikuwa likitumika katika elimu ya akili kabla ya hifadhidata kuzaliwa. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, profesa wa Cambridge, alichapisha kitabu juu ya namna watu wanavyokumbuka. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya, mara nyingine baada ya miezi. Hadithi ilirudi imevaa suti. Mitumbwi ikawa mashua. Watu waliokuwa wakiwinda sili wakawa wavuvi wa samaki. Mambo ya mizimu, ambayo ndiyo yalikuwa moyo wa hadithi, yakapunguzwa au yakaachwa kabisa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja aliirekebisha hadithi bila kujua mpaka ikakaa sawa katika rafu zake.

Katika kitabu hichohicho kuna kisa cha machifu wa Kiswazi waliotembelea London. Waliporudi kwao, jambo walilolikumbuka vizuri zaidi lilikuwa askari wa barabarani akiinua mkono kusimamisha magari. Kwa nini hilo? Kwao mtu humsalimu mwenzake kwa kuinua mkono. Katika jiji zima lililojaa mambo mageni, hapo pakawa pahali pamoja palipofanana na nyumbani.

Haya, sasa twende Kisii.

Wageni wanaingia

Utawala wa Waingereza haukuingia Gusii kwa barua. Mwaka 1905 walituma kikosi chenye bunduki za mtombo; watu wakauawa na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Kituo cha serikali kikajengwa mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Wenyeji wakapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu, jina ambalo wazee wanalitumia hadi leo. Mwanzoni mwa mwaka 1908 kijana aliyeitwa Otenyo, wa Kitutu, ambayo siku hizi imegawanyika kati ya Kisii na Nyamira, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote. Aliyemtia moyo, kwa masimulizi yetu, alikuwa nabii wa kike Moraa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Gusii haikupona haraka hivyo. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliandika kulalamika kwamba wanauawa watu wengi mno wasio na uwezo wa kujitetea.

Ndani ya miaka mitatu, basi, mifugo imekwenda, vijana wamekufa, na kodi inadaiwa. Mtu wa kawaida aliiweka wapi habari ya namna hiyo kichwani mwake?

Rafu moja ilikuwepo: unabii. Watu walimkumbuka Sakawa, nabii wa Kitutu wa karne ya kumi na tisa, aliyesemekana kuwa alitabiri kuja kwa watu weupe na pia kuondoka kwao. Inasemekana alionyesha hata mahali ambapo majengo ya Bosongo yangesimama. Hapa tumkumbuke Bartlett. Masimulizi ya Sakawa tuliyonayo yaliandikwa wakati majengo yamekwisha kusimama, na kumbukumbu ya binadamu ina tabia ya kuyasogeza maneno ya zamani yakae sambamba na kilichotokea. Simwiti Sakawa mwongo, wala simtangazi kuwa mkweli. Ninachosema ni kwamba sisi tunamsikia kupitia watu waliokuwa tayari wameuona mji.

Kisha ikaja Mumbo. Mwaka 1913, upande wa Alego, katika nchi ya Waluo, mtu aliyeitwa Onyango Dunde alisimulia kwamba nyoka mkubwa wa Ziwa Victoria alimmeza, akamtapika akiwa mzima, akampa ujumbe. Wazungu wataondoka. Dini yao ni mbovu na mavazi yao ni mabovu. Wanaomfuata Mumbo wafuge nywele, wachinje mifugo yao wamtolee sadaka, naye atawapa ng'ombe wengine kutoka ziwani. Mahubiri haya yakavuka mpaka wa lugha yakaingia Gusii. Sakawa na Mumbo walitoka jamii mbili tofauti, lakini walichosema juu ya Wazungu kilifanana, kwa hiyo ujumbe mpya ulikuta mahali pake pameandaliwa.

Septemba 1914

Vita Kuu ilianza Ulaya mwezi wa Agosti. Mwezi uliofuata kikosi cha Wajerumani kilivuka kutoka koloni lao la kusini, Tanzania ya leo, kikaingia Kisii. Maofisa wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Tarehe 12 Septemba askari wa King's African Rifles wakaja kuwashambulia Wajerumani hao, na vita vikapiganwa mchana kutwa. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza akauawa. Giza lilipoingia, pande zote mbili zikarudi nyuma.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Pande zote mbili zilirudi nyuma. Mji wa Bosongo ukabaki bila Mzungu.

Data ni hiyo. Sasa tuone wasomaji wake.

Mgusii aliyesimama kilimani aliona Wazungu wakipigana wenyewe kwa wenyewe, kisha wakatoweka. Kwake haikuwa habari za Ulaya. Ilikuwa ni lile lililosemwa. Watu wakateremka mjini wakachukua mali ya ofisi za serikali na ya maduka ya Wahindi. Wakaenda pia kwenye misheni mbili zilizokuwa bado changa, ya Wakatoliki huko Nyabururu na ya Waadventista huko Nyanchwa, nazo zikaporwa. Ukiamini kwamba wenye nyumba hawarudi tena, kumaliza vitu vya ndani si wizi bali ni kufagia.

Waingereza walirudi. Wao nao walikuwa na rafu zao, na kilichotokea wakakiweka katika ile iliyoandikwa "uasi na ujambazi". Nyumba zikachomwa, mifugo ikakamatwa, na vijana wengi wa Gusii wakaishia kuwa wapagazi wa vita. Mumbo akapewa rafu ya "ushupavu wa dini na wazimu". Sioni dalili kwamba walijiuliza kwa muda mrefu watu hawa wameona nini. Katika skima ya ofisa wa wilaya hapakuwa na safu ya Mwafrika anayesoma matukio na kufikia hitimisho.

Wengi wetu tunapenda kusema kwamba wafuasi wa Mumbo walipofushwa na imani zao, na kwamba maofisa ndio waliouona ukweli. Lakini pande zote zilifanya kitendo kilekile: zilichukua tukio zikalitia katika kisanduku kilichokuwa tayari. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulikuwa na bunduki za mtombo, na kwa hiyo kosa lake la kusoma lililipwa na wengine.

Kwa nini imani haikufa?

Wazungu waliporudi, unabii ulikuwa umeshindwa. Mtu angetarajia Mumbo afe wiki hiyohiyo. Hakufa! Wafuasi walisema wakati haujatimia. Mwaka 1921 serikali iliwahamishia viongozi wao kwa nguvu pwani, mbali na kwao, na bado katika miaka ya 1930 harakati ilikuwepo. Mwaka 1954, katika siku za hali ya hatari, ilikuwa miongoni mwa vyama vilivyopigwa marufuku. Chama kilichokufa hakipigwi marufuku.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na jibu langu ni la mwandishi wa programu. Mtu haachi skima kwa sababu data moja imekataa kuingia. Anaiacha anapopata nyingine inayopokea data nyingi zaidi. Mgusii wa mwaka 1915 angehamia wapi? Maelezo ya serikali yalimwambia kwamba ng'ombe wake wamechukuliwa kwa faida yake. Hayo hayakueleza chochote alichokiona kwa macho yake. Maelezo ya Mumbo yalieleza kodi, yalieleza mifugo iliyopotea, yalieleza vita vya Wazungu, na yakakosea tarehe tu. Kati ya hayo mawili, nani alikuwa mpumbavu?

Mwaka 1963 bendera ya Uingereza ikashushwa, na kuna waliosema, mnaona? Tarehe ilikuwa imesahihishwa.

Usidhani wasomi wameepuka mtego huu. Maofisa waliandika juu ya Mumbo kama wazimu. Mwaka 1972, Kenya huru ikiitafuta historia yake ya ukombozi, Bethwell Ogot na William Ochieng' walimwandika Mumbo kama harakati ya kupinga ukoloni. Mwaka 1977 Audrey Wipper akaiweka kati ya maasi ya watu wa mashambani. Mwaka 2002 Brett Shadle akaitazama upya, akasema tuangalie pia suala la ufadhili: Mumbo kama tajiri mkubwa anayewatunza waliojiweka chini yake. Nyoka ni yuleyule, lakini kila kizazi kimemkuta amejikunja kwa umbo la rafu yake. Nami, kama unavyoona, nimemkuta ndani ya hifadhidata.

Jambo la nyumbani

Ningeweza kumalizia hapo, lakini kuna jambo lililonifanya niandike haya yote.

Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto huko Kisii kwa kutuhumiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma hizohizo. Kila yanapotokea, magazeti ya Nairobi huandika juu ya ujinga, viongozi hulaani, kisha tunasubiri mengine.

Bibi yangu alianza kusahau miaka mitano iliyopita. Mwanzoni yalikuwa majina. Kisha akaanza kuamka usiku, anafungua mlango, anatembea nje peke yake akiongea. Asubuhi hakumbuki alikokuwa. Katika lugha yetu mchawi ni *omorogi*, na kila mtoto anajua kwamba *omorogi* hutembea usiku. Unaona hatari ilivyo. Mzee wa kike, usiku, nje, peke yake, haelezi alikotoka. Safu zote zimejazwa, na anayezisoma kutoka ng'ambo ya ua haoni kitu kingine.

Minong'ono ilipoanza, mimi nilitaka kufanya vile nilivyofundishwa chuoni: kuwaambia watu kwamba uchawi haupo. Mama alinikataza. Alimpeleka bibi hospitalini, daktari akaeleza kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, na kwamba kutangatanga usiku ni dalili mojawapo. Kisha mama akazunguka nyumba kwa nyumba. Hakumbishia mtu juu ya uchawi. Alisema tu: mama mkwe wangu anaumwa, ugonjwa wake unamwamsha usiku na kumpoteza njia, mkimwona nje mshikeni mkono mmrudishe. Akawapa namba yake ya simu.

Wiki mbili baadaye, saa tisa za usiku, jirani aliyekuwa akinong'ona kuliko wote ndiye aliyempigia simu. Alikuwa amemfunika bibi kwa shuka lake na kumketisha jikoni kwake.

Mama hajasoma hifadhidata, lakini alijua kitu ambacho maofisa wa 1914 hawakukijua, na ambacho mimi na shahada yangu nilikuwa nimekisahau. Kumpokonya mtu rafu yake hakutoshi, maana bado anashikilia alichokiona na hana pa kukiweka. Mpe rafu nyingine yenye nafasi ya kutosha, kisha mwombe afanye jambo moja dogo kwa kuitumia.

Bibi alifariki mwaka jana, kitandani kwake.

Ile programu ya wakulima nimeirekebisha. Tarehe ya kuzaliwa si lazima tena. Chini yake nimeongeza safu moja ya maandishi huru, inayoitwa "Alivyosema mwenyewe". Makarani wanalalamika kwamba inawachelewesha, na kompyuta haiwezi kuijumlisha. Lakini jioni, kabla sijapiga simu kwa mama, hufungua kurasa chache nikasoma. Yuko aliyezaliwa mwaka wa mvua ya mawe. Yuko aliyezaliwa siku ambayo ng'ombe wa babu yake alizaa mapacha. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa tarehe 1 Januari.